Siku Ukoo Ulipokwenda Kupimwa Koo

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema na watu kunyamaza, ni hizi za juzijuzi ambazo hata simu zilikuwepo, palikuwa na mzee mmoja katika nchi ya baridi, kwenye milima ya Rungwe wanakolima chai. Jina lake Ambwene. Alikuwa mkuu wa ukoo wake, mwenye migomba mingi, kofia moja ya sufu, na ng'ombe mmoja aliyempenda kuliko majirani zake wote. Ng'ombe huyo aliitwa Sikudhani. Alikuwa mtamba mweusi mwenye doa jeupe kifuani, na Ambwene alimwamkia kila asubuhi kabla ya kuitika salamu ya mtu yeyote.

Lakini kilichompa Ambwene sifa si ng'ombe. Ni koo. Kule baridi haina adabu, kwa hiyo watu hunywa chai ikiwa bado inatokota, na ikishaacha kutoa mvuke huiita maji ya kuogeshea mtoto. Ambwene aliwashinda wote. Akishika kikombe cha bati, kabla wenzake hawajapuliza hata mara moja, yeye alikuwa ameshafika kwenye majani ya chini. Kisha hufuta ndevu na kusema, "Koo la kwetu haliungui." Wenzake nao huitikia, "Haliungui, Mzee."

Basi mwaka mmoja koo lisiloungua likaanza kugoma. Tonge lilikuwa likifika katikati ya kifua linasimama, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Ambwene akaongeza moto wa chai ili alisukume. Halikusukumika. Akaacha nyama, akaacha ugali, akabaki na ndizi za kupondwa, na ndizi nazo zikaanza kusimama palepale. Kilichomshinda alimtupia mbwa wake chini ya meza. Ambwene akakonda, mbwa akanenepa, na watu waliopita pale wakamsifu mzee kwa kufuga vizuri.

Hakumweleza mtu. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, na Ambwene methali hiyo aliijua sana, kwa sababu alikuwa akiwatolea wenzake. Lakini mtu aliyejigamba kwa koo maisha yake yote ataanzaje kusema koo limemsaliti? Aliogopa, jamani. Aliogopa, akajifanya amefunga.

Mtu mmoja tu aliona. Alikuwa Tupokigwe, mke wa mwanawe Ipyana, ndiye aliyempikia tangu mkewe alipofariki. Na hapa lazima niwaeleze mila ya huko, msije mkanikatiza. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, wala mwanamke hatamki jina la mkwewe, hata neno linalofanana nalo. Kwa kuwa mzee aliitwa Ambwene, Tupokigwe hakusema "ambaye" tangu siku aliyoolewa. Akitaka kusema "mtu ambaye amekuja," husema "mtu aliyekuja," na walimu wa shule wakadhani amesoma sana. Chakula cha mkwewe alikiweka mlangoni, akakohoa kidogo, akaondoka.

Sahani zilirudi safi, lakini suruali ya mzee ilikuwa ikishikiliwa na kamba ya katani. Tupokigwe akajiuliza, chakula kinakwenda wapi? Siku moja akapitisha jicho kwenye ufa wa ukuta wa mianzi wa jikoni, akatazama asichotakiwa kutazama. Akamwona mkwewe anapiga kifua, anafumba macho, machozi yanamtoka, kisha anainama na kumpa mbwa. Jioni alimweleza mumewe. Ipyana hakuuliza baba anaumwa nini. Aliuliza, tangu lini wewe unamchungulia baba yangu akila? Akamkataza kurudia maneno hayo, na Tupokigwe akanyamaza.

Mambo yakawa hivyo mpaka ilipokuja mbiu.

Mpiga mbiu wa kijiji aliitwa Lwitiko, kijana asiye na mke, mwenye sauti ya kuvuka mabonde matatu na masikio ya kuvuka hatua tatu. Alipigiwa simu na Daktari Mkunde wa hospitali ya mjini. Daktari alimwambia, "Jumatano tunakuja zahanati yenu kupima koo. Watangazie watu." Simu ikakatika, kama kawaida ya simu za milimani.

Kupima koo. Lwitiko alilitafakari neno lile. Ukoo mmoja, koo nyingi. Kama ni kupima koo, basi ni koo zipi? Akaamua ni zote. Akapanda kilimani akapiga ngoma, akatangaza kwamba Jumatano wakubwa wanatoka mjini kuja kupima koo zote za kijiji, kila ukoo ujipange nyuma ya mkuu wake, asibaki mtu nyumbani.

Kijiji kikawaka. Wengine walisema koo zinapimwa ili zigawiwe ardhi. Wengine walisema ni maji ya bomba, ukoo mkubwa utachimbiwa wa kwanza. Ambwene hakujali ni nini. Alijali jambo moja tu, kwamba ukoo wa ng'ambo ya mto usipimwe ukaonekana mkubwa kuliko wake. Alituma watu wawaite wajomba, wapwa, mabinti walioolewa mbali, hata binamu mmoja aliyekuwa amegombana naye kwa ajili ya mpaka wa mgomba. Jumatano asubuhi alivaa koti, akakaza kamba ya suruali, akatangulia mbele. Mtu aliyekuwa hawezi kumeza yai alitembea kifua mbele mpaka zahanati, na ukoo mzima nyuma yake ukiimba.

Daktari Mkunde alitegemea kukuta wagonjwa wachache wenye makohozi. Alikuta koo tano zimejipanga kwa mistari, kila moja na nyimbo zake, na wazee wanazozana nani ana vitukuu wengi. Alisimama juu ya benchi akaeleza taratibu. Alisema hawakuja kupima ukoo, wamekuja kupima koo, hili hapa, akajigusa shingoni akateremsha kidole mpaka kifuani. Katika milima hii saratani ya koo inawakamata watu wengi, nao wanataka kujua kwa nini. Wanajua chai ya moto sana inaliumiza koo. Lakini watu wawili hunywa birika moja, mmoja akaugua na mwenzake akabaki mzima, na huenda sababu moja imo katika vinasaba, yaani zile chembe tunazorithi kwa baba na mama, zinazotofautiana kidogo kati ya mtu na mtu.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walimtazama Lwitiko, naye akatazama viatu vyake. Daktari hakucheka sana, maana alikuwa ameona bahati iliyomwangukia. Aliomba kwamba kwa kuwa koo zimekuja nzimanzima, wanaokubali watoe damu kidogo, babu na mjukuu, shangazi na mpwa, ili waone kinachorithiwa. Wengi wakakubali, kwani hakuna aliyetaka ukoo wake uonekane una damu ya uoga.

Ambwene alitoa damu, kisha akageuka aondoke. Daktari alikuwa amekuja pia na kamera ndogo yenye waya, ya kupitishwa kooni kutazama ndani, na Ambwene aliona mambo hayo si ya kwake. Alikwisha kuinua mkono awaage watu, akasema kwa sauti, "Koo la kwetu haliungui."

Daktari akauliza, kabla hatujaanza kupitisha kamera, kuna anayemjua mtu aliyeanza kupata shida ya kumeza?

Ipyana alikuwepo, akanyamaza. Majirani walikuwepo, hawakujua. Ndipo Tupokigwe, aliyekuwa nyuma kabisa na wanawake, akavuta khanga ikamfunika uso, akasema kwa sauti iliyosikika na wote:

"Ambwene. Ambwene hamezi. Chakula chake anakula mbwa."

Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea, akabaki peke yake. Ambwene alihisi kama amevuliwa koti mbele ya ukoo. Alisikia jina lake likitoka katika kinywa kisichotakiwa kulisema, na neno lililofuata likawa baya kuliko jina. Akasema mkwe huyo ana homa ya kichwa. Daktari akamwomba, kwa heshima zote, ameze kipande kidogo tu cha mkate. Ambwene akakishika kipande kile, akakitazama, akakirudisha mezani.

"Ni uzee," akasema.

Daktari akamwamini nusu. Kamera ilikuwa moja, wenye makohozi walikuwa wameshapanga foleni, na jua lilikuwa linakwenda. Akamweleza kwamba wanaotangulia ni wale ambao katika ukoo wao ugonjwa huu umewahi kupita, wengine wangoje gari lirudi baada ya mavuno. Je, kwenu kuna aliyekufa kwa kushindwa kumeza? Ambwene akajibu bila wasiwasi, na kwa imani kamili, kwamba hakuna. Baba yake alikufa kwa homa. Babu yake alikufa kwa kushiba miaka. Akafurahi moyoni. Baada ya mavuno ni mbali.

Hapo akasimama dada yake mkubwa, Sekela, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwepesi wa kucheza ngoma, lakini siku hiyo hakuchekesha mtu.

"Ambwene, mdogo wangu, wewe ulikuwa mtoto, ulipelekwa kwa mjomba," akasema. "Baba hakufa kwa homa. Baba alikufa kwa njaa mbele ya chungu kilichojaa. Na babu vilevile. Mimi ndiye niliyemnywesha baba maji kwa kijiko. Aliniapisha nisiseme, kwa sababu alisema wakijua, hakuna atakayeoa wala kuolewa kwetu. Nimekaa na kiapo hicho mpaka leo, na leo nimekivunja."

Ambwene akakaa chini.

Kamera ikapita kooni kwake siku ileile, wa kwanza. Wakaona kidonda mahali tonge lilipokuwa likisimama, wakachukua kipande wakapime, na majibu yalipokuja yalisema ndiyo. Ni saratani. Lakini ilikuwa bado haijatembea, na inaweza kukatwa. Daktari alimwambia wazi kwamba kama angengoja mavuno, maneno yangekuwa mengine.

Asubuhi ya upasuaji ndugu zake walijaa hospitalini. Ambwene alikuwa na hofu kubwa, na mtu mwenye hofu ana mdomo mwepesi. Akaomba wote wasikie, akala kiapo. Ndicho kitu pekee alichoweza kula siku hiyo bila kukisukuma.

"Nikipona," akasema, "Sikudhani ni wa mtu mmoja, yule aliyeniokoa. Nikimnyima, au nikimgawa kwa wawili kwa uoga, koo hili lizibe tena."

Akapona. Alirudi kijijini mwembamba, amechoka, na mwenye kumeza. Mbwa ndiye pekee aliyehuzunika. Kwa miezi kadhaa Ambwene alikula kidogokidogo, na kila tonge lililopita alilishukuru kwa jina. Chai aliinywa ikiwa imepoa, na wenzake walipomtania kwamba anakunywa maji ya kuogeshea mtoto, aliwajibu kwamba yeye ni mtoto aliyezaliwa mwaka huu.

Kisha Daktari Mkunde akarudi na majibu ya damu. Alimwita kila mtu faragha, lakini kijiji ni kijiji, hadi jioni kila kitu kilikuwa kinajulikana. Katika ukoo wa Ambwene palikuwa na tofauti ndogo ya urithi ambayo, kwa walivyoona, iliwafanya wenye nayo waumie koo upesi kuliko wengine. Ambwene alikuwa nayo. Sekela, aliyenyonya ziwa lilelile na kunywa chai ileile, hakuwa nayo. Ipyana alikuwa nayo. Daktari akawatuliza, akasema urithi huo si hukumu, wapo watakaokuwa nao na wakazeeka salama. Wenye nao wapunguze moto wa chai na waje kutazamwa kila mwaka. Ipyana alitoka mle chumbani, akaenda moja kwa moja jikoni, akamwomba mkewe radhi mbele ya sufuria.

Sasa limebaki la Sikudhani. Ambwene akapika pombe ya wageni, akaita watu, akamleta mtamba uwanjani akiwa ameoshwa anang'aa. Akashika kamba. Akauliza ni nani aliyemwokoa. Daktari alitangulia kucheka, akasema yeye ana mshahara na hana zizi, wasimhesabu. Wakasimama watatu: Lwitiko, Tupokigwe na Shangazi Sekela.

Akatangulia Lwitiko.

"Bila mimi, Mzee, usingetoka nyumbani kwako," akasema. "Ungeitwa kwa ajili ya koo lako usingekuja. Ulikuja kwa ajili ya ukoo wako. Mimi ndiye niliyekutoa. Na si wewe tu. Bila mimi, damu ya Ipyana isingepimwa, na vijana wote hawa wangeendelea kujiunguza hawajui. Hawa wenzangu, mmoja kamwokoa mzee, na mwingine kamwokoa mzee. Mimi nimeokoa ukoo."

Shangazi Sekela akamkata. Alisema kijana huyo hakuokoa mtu, alikosea tu. Mtu akijikwaa akaangukia mwizi, tumsifu kwa kukamata au kwa kujikwaa? Lwitiko akajibu kwamba yeye angalau kosa lake halikumvunjia mtu kitu, lakini hao wawili, mmoja kavunja mila, mwingine kavunja kiapo.

Akafuata Tupokigwe, khanga usoni, mgongo ameuelekeza kwa mkwewe.

"Bila mimi, baba mkwe angeondoka pale na koti lake," akasema. "Lwitiko hakujua anachofanya. Shangazi alijua, akanyamaza miaka yote. Mimi nilijua, nikasema. Na hawa wawili hawakupoteza kitu. Mimi mpaka leo nikifika mtoni wanawake wananyamaza. Mama yangu mzazi alileta kuku wa kunitakasa kosa la kutaja jina, nikamwona anatembea ameinamisha kichwa katika kijiji hiki. Hiyo ndiyo bei yangu."

Lwitiko akasema ni kweli, ila mwanamke huyu aliona tangu zamani akamweleza mume tu, mpaka umati ulipokusanywa na mbiu ya mtu. Na wazee wachache wakanong'ona kwamba ng'ombe akipewa mtu aliyechungulia, kesho kila ukuta wa mianzi utakuwa na jicho.

Akamalizia Sekela.

"Bila mimi, ungengoja mavuno," akamwambia ndugu yake. "Daktari mwenyewe kasema kungoja kungekuwa nini. Lwitiko alitoa sauti yake, na sauti anayo bure. Huyu binti alitoa heshima yake, nayo itarudi, watu husahau. Mimi nilitoa neno nililompa baba mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Mimi ni mzee. Karibu nitakutana naye. Nitamwambia nini?"

Tupokigwe akasema polepole, bila kugeuka:

"Shangazi, siri hiyo ungeitoa mapema, tungeipoza chai ya nyumba hii tangu mwaka ule, na koo lisingeugua."

"Kweli," akasema Sekela. "Lakini ningeitoa mapema, mwanangu, wewe ungekubali kuolewa hapa?"

Ipyana alimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini.

Ambwene alisimama na kamba yake. Hakuwahi kuwa mtu wa kufikiri sana, na sasa alilazimika. Alimpenda Lwitiko, kwa kuwa kosa lake lilikuwa na baraka kuliko busara za wengi, na kijana hana hata mbuzi wa kupelekea posa. Alimpenda Tupokigwe, ingawa hakuwahi kumwona uso, kwa kuwa alikuwa mtu pekee duniani aliyeona machozi yake mezani. Alimpenda dada yake. Lakini alipotaka kunyoosha mkono kwa Lwitiko, aliona analipa kosa. Alipotaka kwa Tupokigwe, aliona analipa utovu wa adabu aliofanyiwa yeye mwenyewe. Na alipotaka kwa Sekela, akaona jambo la kutisha zaidi, kwamba ili atimize kiapo chake atakuwa amemtuza mtu kwa kuvunja kiapo. Akameza mate. Yalipita vizuri, na kupita kwake vizuri kulimtia hofu, maana alijua alichoapa.

Watu wakaanza kugawanyika. Vijana wakasimama upande wa Lwitiko. Wanawake wadogo, hata wale wa mtoni, wakasogea polepole kwa Tupokigwe. Wazee wakakaa na Sekela. Daktari aliulizwa, akasema hili halimo katika vitabu vyake. Sikudhani alikuwa akila majani, hana habari.

Hadithi yangu imekwama hapo, nami sina chai ya kuisukuma. Nyinyi mliokaa hapa mkacheka, sasa msaidieni mzee wa watu. Ng'ombe ni mmoja, na kamba ni moja. Je, nani alistahili: aliyekosea, aliyekosa adabu, au aliyevunja kiapo?